Plamu za Jemadari

Juzi nilikuwa Balad, mji wa kale wa Jeddah, natafuta ubani, nikapita kwa muuza matunda makavu, kijana mchangamfu asiyejua kunyamaza. "Onja, ya ukhti, onja, kuonja ni bure," akanitilia kiganjani kitu kidogo cheusi, kimekunjamana, kimepakwa chumvi. Sikuwahi hata kukitia mdomoni. Ile harufu tu ya chachu na sukari ilipopanda puani, mate yakanijaa kinywa kizima, nikageuka pembeni niyameze nisionekane. "Plamu za Kichina hizo," kijana akasema, anajisifu utadhani kazipanda mwenyewe. Nikanunua, ubani nikausahau. Ziko hapa mezani, na mpaka naandika haya sijala hata moja. Nimekaa nazo tu, namkumbuka Bibi.

Nilikulia Ruwais, mtaa ambao sasa umevunjwa, ukienda huoni ila uwanja wa vumbi. Tulikuwa watatu katika vyumba viwili vya ghorofani: Bibi mzaa mama, Mjomba Nassor, na mie. Mjomba ni kaka wa Mama, alikuwa akiendesha gari la mizigo, na maisha yake mengi yakiishia njiani. Baba alifariki sijaota meno. Mama alikuwepo, kisha akawa hayupo. Asubuhi alinisuka nywele, akanivalisha, nikaenda skuli. Niliporudi upande wake wa kabati ulikuwa mtupu, zimebaki henga tupu za kutundikia nguo, na kiyoyozi kikipuliza zinagongana.

"Mama kaenda Riyadh," Bibi akasema, macho hayaondoki kwenye mchele anaouchambua. "Kapata kazi."

"Kazi gani?"

"Kazi. Wee mtoto, kazi ni kazi. Nenda kavue viatu."

Basi nikavua viatu. Nikaanza kungoja, maana hakuna aliyeniambia kuna kitu kingine cha kufanya.

Wenzangu mliokulia huku mtanielewa nikisema habari ya geti la skuli. Kengele ikilia, tunatoka, na nje kuna ukuta wa mabaibui meusi, akina mama wamejifunika mpaka macho, kila mmoja sawa na mwenzake. Watoto wengine walikuwa wakikimbilia moja kwa moja kwa mama zao, sijui walijuaje. Mie nilikuwa nikisimama natazama miendo. Mama alikuwa na mwendo wake, anatupa mguu wa kulia kidogo, kama mtu anayesukuma kikwazo njiani. Siku moja nikauona mwendo ule! Nikakimbia, nikaushika mkono, nikautia shavuni. Mkono ulikuwa na pete nisiyoijua. Yule mama hakunifukuza, maskini. Alinipapasa kichwa, akaniuliza nakaa na nani. Nikamwambia na bibi yangu, mzaa mama. "Ahaa," akasema, akanitazama kwa huruma. Watu wazima wengi walikuwa wakisema "ahaa" ile ile nikitoa jibu lile. Nikidhani wanapenda nywele zangu.

Kila Ijumaa baada ya sala Mama akipiga simu. Kwanza anazungumza na Bibi, mlango umefungwa, kisha Bibi anatoka ananipa simu ikiwa imeshapata moto. Mama anauliza nimekula nini, nimesoma nini, kisha anasema neno lake: "Sikukuu, inshallah, nitakuja kukuchukua, mama yangu. Tutapanga nyumba nzuri Riyadh, utakuwa na chumba chako." Nikauliza rangi ya chumba. Akasema waridi. Ijumaa iliyofuata nikauliza tena, akasema bluu. Sikuona kasoro. Nilidhani vimekuwa vyumba viwili.

Mlango wa pili kutoka kwetu alikaa Khala Mariamu, fundi wa kushona mabaibui. Sisi tukimwita Mchina, na Mchina kweli alikuwa, ila Uchina hakupata kuiona hata kwa dirisha la ndege. Wazazi wake walikuja Hija zamani, kwao kukaharibika, wasirudi tena. Alizaliwa Taif. Bibi naye aliondoka Unguja msichana mdogo, yale mambo ya mwaka sitini na nne yalipotokea, na tangu hapo hajarudi. Kila alasiri wawili hawa walikaa kwenye busati letu na birika la chai, wakizungumza Kiarabu cha Hijazi, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao. Mwenyeji wa Jeddah akiwasikia lazima acheke. Na kazi yao kubwa ilikuwa kushindana matunda.

"Shokishoki wewe umekula? Doriani umekula?" Bibi huanza. "Bungo je? Embe mbichi, unaikata hivi, unaipaka chumvi na pilipili..." Hapo husita, anafyonza hewa kwa pembe ya mdomo, ffss! Mimi niliyezaliwa Jeddah, sijapata kuuona mbungo, mate yananitoka.

"Maneno matupu," Khala Mariamu hujibu. "Matunda ya kwetu baba yangu aliyasimulia mpaka mama akimzuia, anasema yallah, kula wali wako."

Alasiri moja, Ramadhani inakaribia, Mama ametoka kupiga simu. Bibi alikuwa na furaha ambayo sikuizoea. Kafua mapazia, kayatundika, kaagiza kwa Mjomba mchele ule mrefu wa sikukuu. Akawa anamimina chai huku anasema, "Sikukuu hii anakuja. Safari hii kasema kwa kinywa chake, anakuja."

Khala Mariamu akaitazama gilasi yake. Akasema maneno manne ya kwao, mafupi, kama mtu anayehesabu vifungo: wang mei zhi ke.

"Ndiyo nini hayo?" nikadakia. Mtoto wa mjini, sikuachwa nyuma na mazungumzo ya wakubwa.

"Si kitu. Ni usemi."

"Unasemaje?"

"Mwache mwenzio anywe chai," Bibi akanikemea. Lakini nilikuwa king'ang'anizi, na Khala Mariamu alikuwa na udhaifu mmoja, hakuweza kuacha kisa katikati. Akaweka gilasi chini.

"Kutazama plamu ukate kiu. Ndiyo maana yake. Zamani sana kwetu kulikuwa na jemadari, mjanja wa kupindukia. Akawa safarini na jeshi lake, jua kali, hakuna kisima, hakuna mto. Askari midomo imepasuka, wengine wameanza kukaa chini. Na askari akishakaa chini, halasi, hainuki. Jemadari anaona jeshi linamfia. Akapanda farasi, akanyoosha bakora mbele kule, akapiga ukelele: Enyi! Mbele ya kilima kuna shamba la plamu! Miti imeinama kwa matunda, chachu hizo, tamu hizo, twendeni tukale! Basi askari kusikia plamu, mate yakawajaa. Wakameza, wakainuka, wakaenda, wakaenda, mpaka wakafika kwenye maji."

"Na plamu?" nikauliza.

"Plamu mafi."

"Hazikuwepo kabisa?"

"Hata mti mmoja. Tangu siku hiyo, mtu akijishibisha kwa kitu cha kufikiria, watu wanasema huyo anatazama plamu akate kiu."

Bibi aliruka juu. "Jemadari muongo! Wallahi muongo, na dhambi anayo. Watu wana kiu, wewe unawafanyia mzaha?"

"Lakini walifika."

"Walifika kwa kudra ya Mungu, si kwa plamu zake. Ningekuwa mimi askari, ningemuuliza jemadari pale pale kwenye maji: haya, plamu ziko wapi?"

"Ukishakunywa, huulizi," Khala Mariamu akasema. Kisha, kwa sauti ya chini: "Anayeuliza ni yule ambaye hata maji hakuyafikia."

 Bibi akaanza kukusanya gilasi na chai haijakwisha, jambo ambalo kwetu ni kama kumfukuza mgeni. Khala Mariamu akaenda zake. Siku kadhaa hawakusemezana, na mimi nilihuzunika sana, nikidhani ugomvi ni wa matunda, ati Bibi kakasirika kwa kuwa plamu zimeishinda embe mbichi kuingia kwenye kisa.

Kile kisa nilikichukua kama dawa. Ramadhani ile nilifunga mara ya kwanza kwa ukamilifu. Ilikuwa joto, lile fukuto la Jeddah linalokulowesha mwili na kukukausha koo. Mchana nilijilaza sakafuni nikajisomea: embe mbichi, chumvi, pilipili. Na kweli! Mate yakaja, koo likalainika. Nikaona nimepata siri kubwa ya dunia. Nikasema, kumbe hata Mama naweza kumfanyia hivi. Nikafumba macho nikamfikiria Mama, mwendo wake, vidole vyake kichwani mwangu akisuka. Mate hayakuja. Yalikuja machozi, mengi, yakanipita masikioni, na nikaogopa, nikamuuliza Bibi kama machozi yanafunguza saumu.

"Hayafunguzi," Bibi akasema. Hakuuliza nalilia nini. Alilala pale sakafuni ubavuni kwangu, mifupa yake yote na maumivu yake ya magoti, mpaka adhana ya magharibi.

Sikukuu ikafika. Bibi alipika pilau, akapika na kuku wa kupaka anayempenda Mama, akachoma udi, akafungua mlango kila lifti ilipopanda. Alasiri ikaja gari ya kupeleka vifurushi, si Mama. Ndani ya kifurushi mlikuwa na gauni langu la sikukuu, la waridi, zuri sana, lina shanga kifuani. Bibi akanivisha. Halikupita mabegani. Akavuta, nikainua mikono, akavuta, uzi ukakatika, shanga zikamwagika sakafuni. Mama alikuwa amenunua gauni la yule mtoto aliyemwacha. Mie nilikwishakua.

Hapo hasira yangu yote ikampata aliyekuwa karibu. "Wewe ndiye jemadari!" nikampigia Bibi kelele. "Kila siku Sikukuu, Sikukuu! Plamu zako hazipo! Unanidanganya!"

Bibi alikuwa amepiga magoti, anaokota shanga. Hakunipiga, hakunikemea. "Subira yavuta heri," akasema, lakini hakumwambia mtu yeyote.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," nikamjibu. Sijui nilikuwa na ulimi wa nani siku ile.

Nikakaa na hasira, na hasira ikanifikirisha. Nikakirudia kile kisa mwanzo mpaka mwisho, nikaona kitu. Askari wale walikuwa wanatembea! Jemadari hakuwaambia wakae wangoje plamu ziwajie. Na sisi je? Sisi tumekaa Ruwais. Usiku haukupita, nikaenda kwa Mjomba Nassor aliyekuwa anakunywa kahawa kabla ya alfajiri, nikamwambia nataka kwenda Riyadh kwenye gari lake, na asiponichukua nitakwenda kwa miguu. Mjomba akacheka. Akaniona sicheki. Akamtazama Bibi.

"Mpeleke," Bibi akasema. Kisha akanipangia begi, na kila alichokunja alikikunja mara mbili. "Ukimuona mama yako muulize lini. Wewe hawezi kukuzungusha, wewe mwanawe. Muulize lini anakuja, uniletee jibu."

Njia ya Riyadh ni ndefu na haina cha kukuonyesha. Mchanga, mawe, nguzo za umeme, ngamia mmoja mmoja wamesimama kama wamesahau walichofuata. Mjomba hakuzungumza sana. Mara moja tu alisema, "Ukifika, ukiona jambo hulielewi, usimkasirikie mama yako upesi." Nikajibu ndiyo, nikarudi kutazama kila kilima, kwa kuwa nilikuwa na hakika kuwa nyuma ya kimojawapo kuna mji, na ndani ya mji kuna Mama, na begi langu lina nguo zote.

Tulifika alasiri. Riyadh kukavu, hewa haikushiki mwilini kama ya Jeddah, inapita tu kama mtu asiyekujua. Mjomba alipiga kengele, mlango ukafunguliwa, na Mama akasimama pale na mtoto mchanga begani.

Alipiga ukelele wa jina langu. Alinikumbatia kwa mkono mmoja, maana mwingine ulikuwa na mtoto, na harufu yake haikuwa ile ya kwetu, ilikuwa ya maziwa. Ndani kulikuwa na mwanamume. Akatusalimia vizuri, akaniletea jusi ya embe ya pakti, akaniuliza kama safari ilikuwa njema, kisha akamchukua Mjomba wakaenda msikitini. Sikuona ubaya kwake, na hilo ndilo lililoniuma. Ningempata mtu mbaya ningejua pa kuliweka lile jambo.

"Kazi iko wapi?" nikamuuliza Mama.

Mama akakaa kitako sakafuni. Akaniambia, taratibu, kwamba hakukuwa na kazi. Aliolewa. Na akaniambia desturi ambayo wale akina mama wa getini wote walikuwa wanaijua, ndiyo maana ya ile "ahaa" yao: mwanamke akiolewa na asiye baba wa mwanawe, mtoto hubaki kwa bibi mzaa mama. Ndivyo watu wanavyofanya. Mwenye kutaka anaweza kumwomba mume amchukue mtoto wake, na mume mwenye moyo hukubali.

"Ulimwomba?"

"Nilimwomba mara moja. Akasema tungoje kidogo. Kisha akaja huyu." Akamgeuza mtoto, uso wake mdogo, amelala. "Sikumwomba tena."

Nikatazama nyumba. Kulikuwa na chumba kimoja cha kulala na kingine cha wageni. Hakikuwa cha waridi wala cha bluu, kilikuwa cheupe, na ndani mna masanduku.

Basi nikamuuliza. Nilikuwa nimebeba swali la Bibi tangu Jeddah na sikutaka kurudi nalo. "Mama, unakuja kunichukua au huji? Niambie kweli. Sitalia."

 Naona alikuwa amechoka kunidanganya, au labda kwenye simu ni rahisi na uso kwa uso si rahisi. "Siji, mwanangu," akasema. "Wala kuja kukaa Jeddah siji tena. Maisha yangu ndiyo haya." Na mimi niliyesema sitalia sikulia, aliyelia ni yeye, akalia mpaka mtoto akaamka. Kisha akamlaza mtoto mapajani, akanishika mikono yote miwili, akasema kitu ambacho sikukitarajia. "Usimwambie Bibi. Nakuomba. Kila Ijumaa anaanza yeye kuniuliza lini, kabla hata ya salamu. Nikimwambia labda, sauti inamkatika. Nikimwambia Sikukuu, nasikia anavyopumua. Mimi ndiye mtoto wake wa kike peke yake. Nimwambieje, mama yangu mzazi, kwamba siji?"

Hapo ndipo nilipoelewa maneno ya Khala Mariamu, na kwa nini Bibi alikusanya gilasi. Hawakuwa wanagombania matunda, wala sikuwa mimi waliyekuwa wanamzungumzia. Bibi alinidanganya kuhusu kazi, si kuhusu Sikukuu. Mapazia yale, mchele ule, mlango ule aliokuwa akiufungua kila lifti ikipanda, alikuwa anamngojea mwanawe kama nilivyokuwa namngojea mama yangu. Tulikuwa nyumba moja, kiu moja, na kila mmoja akilala ukutani kwake akidhani yuko peke yake.

Nililala Riyadh siku mbili. Mama alinisuka nywele, akanipikia, akanipa mtoto nimshike, na nilimpenda, nini nifanye, alikuwa mdogo na hana kosa. Tulipoagana hakuahidi chochote, nami nilimshukuru kwa hilo bila ya kusema.

Tulifika Ruwais mchana. Bibi alikuwa ameshaisikia lifti. Alikuwa kasimama mlangoni na mtandio wake mzuri, ule wa harusi za watu, na kwanza alitazama nyuma yangu, mpaka ndani ya lifti, kisha nyuma ya Mjomba. Mjomba akajitia anahangaika na begi, akapita ndani. Bibi akaninamia, magoti yakamlia, akanishika mashavu. Midomo yake ilikuwa mikavu.

"Umemuona?"

"Nimemuona. Hajambo. Ananenepa."

"Alhamdulillahi. Umemuuliza?"

"Nimemuuliza."

"Amesema lini?"

 Nilimtazama vile alivyokuwa amenikazia macho, mwanamke mzima, ameinama mlangoni, anangoja neno kutoka kwa mtoto aliyeng'oka meno ya mbele.

"Sikukuu kubwa," nikasema. "Inshallah."

Bibi akafumba macho. Koo lake likapanda, likashuka, akameza. Kisha akainuka, akashika mkono wangu, akaniuliza kama nataka wali wangu na mchuzi au mkavu.